Niliyojifunza nilipoitwa kutoa maoni juu ya madaraja ya anga ya ziwa

Kama unarusha ndege ndogo Mwanza, au unafanya kazi mnarani, iko siku utapigiwa simu uombwe "maoni kidogo tu" kuhusu kubadili madaraja ya anga, yaani zile herufi zinazoamua nani anaiongoza ndege, na wapi. Mimi nilipigiwa kiangazi kikiwa kimekolea, Serengeti imejaa wageni na kila ndege iko kazini. Niliambiwa ni karatasi ya kurasa tatu. Mvua za vuli zilinikuta bado naiandika, nimeshanuniana na rafiki yangu wa karibu, na nimeshajua mambo ambayo ningeshukuru sana mtu angeninong'oneza mapema. Ndiyo sababu ya kuyaandika.

Kazi yangu ni Caravan, ndege ndogo ya injini moja. Abiria wachache na mabegi mengi: Seronera, Kogatende, mgodini Geita, mara nyingine Rubondo. Mwajiri simtaji, na ofisi zilizohusika sizitaji. Wenye ndege ndogo wa upande wetu wa ziwa walitaka kuandaa msimamo mmoja, maana lilikuwa linavuma wazo kwamba anga inayoongozwa kuzunguka Mwanza ipanuliwe juu ya maji na ipandishwe herufi. Lilikuwa wazo tu, wala hakuna kilichopitishwa. Lakini wazo likishachorwa ramani, watu hugombana kana kwamba limeshatangazwa.

Kwa asiyezoea, herufi zenyewe ziko saba, A hadi G. Zimewekwa katika Kiambatisho cha 11 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, na kila nchi huchagua itumie zipi na wapi. A ni ya wanaoruka kwa ala peke yao, yaani kwa kufuata vipimo vya ndani ya ndege badala ya kutazama nje. G haiongozwi na mtu. Unapewa taarifa, mengine ni macho yako. Ugomvi wote hukaa katikati. Ndani ya D, mimi ninayeruka kwa kuona nahitaji kibali na redio, lakini mwongoza ndege hana wajibu wa kunitenganisha na ATR, ndege kubwa ya abiria, inayoshuka kwa ala. Ananiambia iko wapi, naitafuta, naiona, najiepusha. Ndani ya C, wajibu huo unahamia kwake: lazima ahakikishe kati yangu na ile ATR pana nafasi iliyowekwa kwa kanuni. Ndani ya E, ninayeruka kwa kuona silazimiki hata kuongea naye.

Sasa herufi za anga yetu za leo sitaziandika hapa. Zisome kwenye kitabu cha taarifa za anga, toleo linalotumika, kile tunachokiita AIP, na uangalie kama kuna nyongeza. Mabadiliko ya aina hii hutolewa kwa mzunguko wa siku 28, na nimeshuhudia watu wazima wakibishana nusu saa, kila mmoja ameshika ramani ya tarehe tofauti. Ukiingia kikaoni, hilo ndilo swali la kwanza: sote tuna toleo moja?

Kambi zilikuwa mbili. Makapteni wa ndege kubwa walitaka kupandisha. Hoja yao inaeleweka: unashuka na abiria sabini, jua limekupiga usoni, na chini yako kuna kitu kidogo cheupe juu ya maji meupe. Wenye ndege ndogo walitaka kushusha, au angalau pasiguswe, kwa sababu kila dakika ya kuzungushwa juu ya Ukerewe ukingoja kibali ni mafuta, na mafuta ya ndege huku kwetu hayana huruma. Kambi zote mbili zilisema usalama, usalama, usalama. Waongoza ndege hawakuwemo chumbani. Hakuna aliyewaalika, na kwa muda hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo la ajabu.

Nikaandika barua kuomba nikae mnarani nisikilize. Nilikubaliwa kwa masharti ya kawaida: kaa nyuma, nyamaza, usiguse. Kama unaweza kufanya jambo moja tu kabla ya kutoa maoni, fanya hili. Nilikuwa nimeongea na mnara ule miaka na miaka, na picha niliyokuwa nayo ni ya mtu aliyekaa kwenye kiti kirefu akitazama ziwa. Nilichokikuta ni mikono. Mkono mmoja unaandika kwenye kipande cha karatasi cha ndege, mwingine umeshika simu ya kituo cha Dar es Salaam, sikio moja linasikiliza redio, jicho liko kwenye gari la wafagiaji lililosimama kando ya njia ya kurukia kwa sababu ya kongoti. Kila maneno yangu mawili matatu hewani, yale niliyodhani ni bure, yalikuwa yanazaa kazi: kibali, mimi kukirudia, yeye kusikiliza kama nimerudia sawa, kuandika, kumjulisha jirani. Nikikosea kurudia, mzunguko unaanza upya.

Mama niliyekaa nyuma yake, mkongwe wa kazi hiyo, alinieleza baada ya zamu jambo lililogeuza karatasi yangu yote. Nilikuwa nimemuuliza ndege ngapi kwa saa zinamtosha. Akacheka. "Kapteni, mama ntilie akiletewa watu kumi wote wanataka ugali na sato, anakula hela kwa raha. Mlete watatu, huyu hataki pilipili, huyu anataka wali nusu, huyu ana haraka ya kivuko, uone atakavyovuja jasho. Ndege tano zikija kwa mstari mmoja sina shida nazo. Mbili zinazokatana ndizo zinazonila kichwa."

Basi nikaacha kuhesabu ndege, nikaanza kupima muda ambao redio ina mtu. Saa ya kawaida ya mkononi yenye kitufe cha kuanzia na kusimamishia inatosha. Ninakushauri ufanye hivyo hivyo, na ufanye siku ya hali ya hewa mbaya. Hapa kwetu ngurumo hujengeka usiku juu ya maji, na alfajiri mara nyingi bado zimekaa. Siku hiyo idadi ya ndege kwenye ratiba ni ile ile ya jana, lakini zilizopangwa kuachana zimesubiri zikarundikana, na wingu likifunguka kidogo wote tunaomba kuondoka. Tukishapaa, kila mmoja anaomba kukwepa: kushoto, kulia, chini kidogo. Anayetoka Bukoba anaomba kusubiri. Wa kutoka Dar anauliza mvua iko umbali gani. Hesabu ya ndege inasema asubuhi ya kawaida. Redio inasema hakuna pa kupenyeza neno, na wawili wakibonyeza kwa pamoja unasikia mlio tu, ujumbe wote umepotea, na kazi imekuwa mara mbili.

Hapo nikaona ni kitu gani hasa tulikuwa tunabishania. Herufi ya anga haipunguzi kazi ya kuziepusha ndege zisigongane, inaamua nani aifanye. Ukishusha, unampa rubani na macho yake. Ukipandisha, unamtwisha mtu mnarani. Ukipandisha bila kuongeza kiti, masafa ya redio na mtu wa kukalia kiti hicho, umeandika kwenye ramani huduma ambayo asubuhi ya ngurumo haitakuwepo, na rubani ataiamini kwa sababu imeandikwa.

Sijasema wasipandishe. Nilisema, na bado nasema, kwamba mtu akikuletea ramani yenye rangi mpya muulize ukurasa wa watu uko wapi.

Kulikuwa na kichekesho kimoja pale mnarani, na kinahusika. Kijana mmoja, rubani mpya, aliingia hewani na "Shikamoo mama" kabla ya kutaja jina la ndege. Mama hakuitikia, alimpa maelekezo yake makavu. Baadaye nilimuuliza kama haikumuuma kumnyima mtoto marahaba. "Nimemwitikia moyoni. Hewani hapana nafasi." Sisi watu wa huku hatuwezi kupita mtu bila mwangaluka na habari za nyumbani, na ni vizuri, lakini nilipozipima, salamu na maneno ya kujaza yalikuwa yanakula redio zaidi ya nilivyotarajia. Hakuna mageuzi ya anga yaliyo rahisi kuliko kulifikiria neno lako kabla ya kubonyeza. Anza na hilo kesho, bila kikao.

Turudi kwenye karatasi. Kikundi kilimlipa mshauri achore mahali mzigo unapozidi. Alikuwa mtu mwenye elimu na michoro yenye rangi. Mchoro wake ulionesha kilele cha kazi Mwanza ni saa nne asubuhi, na akapendekeza nguvu ya ziada iwekwe hapo. Nikatazama mara mbili. Saa nne asubuhi, mwezi wa nane, Caravan zetu zote ziko Kogatende, marubani tunakunywa chai chini ya bawa. Kumbe alichukua kumbukumbu za safari, ambazo duniani kote huandikwa kwa saa ya Zulu, yaani saa moja ya dunia nzima (UTC), akaona 0400, akaisoma saa nne. Kwa Zulu, 0400 ni saa moja yetu ya asubuhi. Kilele chake kilikuwa kimeteleza saa tatu nzima, na mapendekezo yote yaliyofuata yalikaa juu yake. Alikuwa Mswahili mwenzetu, ndiyo maana aliteleza. Mgeni asingeweza kuisoma namba hiyo saa nne hata angetaka. Kwa hiyo: jedwali lolote la muda mkononi mwako, andika juu yake kwa kalamu ni saa ipi, ya Zulu, ya ukutani au ya kwetu. Fanya hivyo hata kama unaonekana mshamba.

Kilichonisaidia kupata hoja zenye mashiko ni kusoma nchi nyingine zilizopita njia hii. Australia ndiyo niliyokaa nayo zaidi, kwa sababu wamebishana kwa sauti na kwa maandishi. Novemba 2003 walibadilisha sehemu ya anga iliyokuwa juu ya viwanja vyenye minara, kutoka C kwenda E, kwa mfano wa Marekani. Mwezi uliofuata, karibu na Launceston, Boeing 737 na ndege ndogo aina ya Tobago zilikaribiana kuliko inavyotakiwa. Malumbano yakawa makubwa, na mwaka 2004 sehemu ya mabadiliko hayo ikarudishwa nyuma. Mwaka 2021 likaja pendekezo la kuipanua E kwa chini, ianzie futi 1,500 juu ya ardhi kwenye sehemu za mashariki mwa nchi, na safari hii waliolalamika zaidi walikuwa watu wa ndege ndogo.

Lakini tukio lililonikalia kichwani ni la Mangalore, jimbo la Victoria, tarehe 19 Februari 2020. Ndege mbili za injini mbilimbili, zote katika safari za mafunzo kwa kanuni za ala, zilikutana ndani ya G. Watu wanne walikufa. Mwongoza ndege alikuwa ameshawapa wote wawili habari za mwenzake. Wa kambi ya kupandisha atakuambia: unaona, taarifa peke yake haitoshi. Ni kweli. Halafu msomee ya Überlingen, mpakani mwa Ujerumani na Uswisi, usiku wa tarehe 1 Julai 2002. Tupolev ya abiria na Boeing ya mizigo ziligongana juu kabisa, ndani ya anga inayoongozwa, wakafa 71. Mwongoza ndege alikuwa peke yake kwenye vituo viwili, mwenzake amepumzika, mitambo ya kumwonya na simu kuu ziko kwenye matengenezo. Na Washington, 29 Januari 2025, helikopta ya jeshi na ndege ya abiria, 67 wamekufa, ndani ya B, herufi ambayo kwenye karatasi inatenganisha kila mtu na kila mtu. Usiku huo kazi ya helikopta na ya ndege pale mnarani zilikuwa zimeunganishwa mikononi mwa mtu mmoja.

Nilizibeba hizo kikaoni Dar es Salaam. Nilichokutana nacho sikukitarajia. Mtu mmoja alisimama akasema tupandishe herufi kwa ajili ya waliokufa Bukoba. Chumba kikanyamaza. Hakuna mtu wa ziwa asiyekumbuka tarehe 6 Novemba 2022, watu 43 ndani ya ATR, 19 hawakutoka, na wavuvi waliofika kwa mitumbwi kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilisikia hasira, nikangoja ipungue, ndipo nikasema: ile ilikuwa ndege moja, ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Hapakuwa na ndege ya pili ya kuitenganisha nayo. Kama tunawaheshimu, tuzungumze hali ya hewa, vifaa vya kutulia na boti za uokoaji, maana hayo ndiyo yanayowahusu. Wapo walioniona sina moyo. Ningelisema tena. Hoja ikipita kwa machozi yasiyo yake, tatizo lililowaua linabaki pale pale na sote tunarudi nyumbani tukidhani tumelishughulikia.

Jibu jingine utakalolisikia ni rada. "Si tumeshafunga rada?" Ndiyo, chini ya mkataba wa 2017 zilinunuliwa nne, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, na ni hatua kubwa. Anayekuona anaweza kukuweka maili tano na mwenzako pale ambapo asiyekuona alihitaji kutumia dakika kumi au kumi na tano. Ila kinachofuata ndicho watu hawakifikirii: nafasi ikipungua, ndege nyingi zaidi zinaingia sehemu ile ile, na kila moja ina mdomo. Vilevile rada haioni nyuma ya mlima, na sehemu kubwa ya inachomwambia mwongoza ndege inatoka kwenye transponda yako, kile kifaa cha ndege kinachoijibu rada. Kama yako inasinzia, itengeneze kabla hujachangia mada ya rada.

Rafiki yangu niliyenuniana naye ni kapteni wa ndege kubwa. Tulisoma pamoja. Aliona nimewasaliti marubani kwa kuchukua upande wa mnara. Tulikuja kukaa Kirumba, mbele ya samaki, akaniambia, "Kaka, wewe hujawahi kukwepa Caravan ukiwa na watu sabini nyuma." Nikamwambia naye hajawahi kuwa Caravan inayozungushwa juu ya maji na injini moja. Hilo lilimnyamazisha kidogo. Injini moja juu ya ziwa si jambo la nadharia. Kila mzunguko wa kusubiri mbali na pwani ni dakika ambazo, injini ikikohoa, huna pa kwenda ila majini. Alikubali kuliandika hilo kwenye upande wake wa karatasi. Mimi nikaandika la jua usoni kwenye wangu. Tulipofanya hivyo tukagundua wote wawili tunaomba kitu kimoja: njia za kuingilia zilizo karibu na nchi kavu, zenye alama zinazoonekana, zisizokatana na mshuko wa ndege kubwa. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, ni alama ambayo hata mgeni haikosi. Visiwa havifai sana. Asiye mwenyeji anavichanganya.

Karatasi ilipelekwa. Ilikuwa imevimba kutoka kurasa tatu, na sehemu ya mshauri ikarekebishwa saa zake, ingawa hakupenda. Herufi haikubadilika kwa kazi yetu, na sikutegemea ibadilike. Kilichobadilika ni kidogo na kilikuwa mikononi mwetu muda wote: baadhi ya wenye ndege ndogo walikubaliana kuachanisha maondoko ya asubuhi badala ya kila mmoja kuandika saa moja kamili kwenye ratiba yake. Meneja mmoja aligoma, akisema wageni wake wamelipia saa moja. Baada ya asubuhi kadhaa za kukaa mwisho wa foleni akapanga upya bila kusema kitu. Mikutano ijayo, waongoza ndege wanaalikwa. Kama majina yao hayamo kwenye barua ya mwaliko, usikubali kwenda. Na wakija, usiwaulize kama wanaweza. Wengi wao watasema wanaweza, kazi yao ni kuweza. Waulize wanaacha kufanya nini pale redio inapojaa. Majibu ya swali hilo yaliijaza nusu ya karatasi yetu. Tangu 2020 kanuni za kimataifa zinataka kila nchi iweke mipaka ya saa za kazi na mapumziko ya waongoza ndege, kwa hiyo swali la uchovu nalo lina pa kushikia, siyo ukorofi.

Gharama. Malipo yangu yana sehemu inayofuata saa za kuruka, na msimu ule nilizikosa nyingi, nikiwa mnarani au vikaoni wakati wenzangu wako hewani. Nyumbani hawakufurahi. Bosi aliniita mara moja kuniuliza kama nimeajiriwa na yeye au na ramani. Tiketi ya Dar nilijilipia kwa ahadi ya kurudishiwa, na zilizorudi zilikuwa pungufu, miezi baadaye, kwa sababu sikuwa na barua yoyote iliyotaja kiasi. Wewe ukipigiwa ile simu ya maoni kidogo tu, sema ndiyo, halafu kabla hujakata omba barua: siku ngapi, nani analipa nauli, posho ni shilingi ngapi na inatoka lini. Mpelekee bosi wako nakala siku hiyo hiyo.